Mwaka Nilioitamani Bastola ya Akello

Akello aliingia kwenye bika ya Afande Loro amevaa gomesi ya bluu yenye mshipi unaong'aa, na kabla sijafurahi kumwona nilikuwa nimeshamwonea wivu. Bika ndiyo matanga, kwa lugha yetu ya Juba. Ilikuwa siku yangu ya tatu hapo Nyakuron. Nilikuwa nimepanga viti vya plastiki, nimesugua masufuria, nimechemsha chai hadi macho yakawa mekundu kwa moshi, na mjane wa Afande, Mama Tabu, alikuwa amenishukuru mara moja tu, tena akitazama pembeni. Lakini Akello alipoinama kupita chini ya kamba ya hema, Mama Tabu aliinuka kutoka mkekani, yeye ambaye miguu inamsumbua, akamkumbatia na kulia upya kana kwamba msiba ulikuwa umeanza saa ile. Akamketisha ubavuni kwake. Mimi nilisimama na birika mkononi, nikijiuliza mtu ambaye hajakanyaga Juba kwa zaidi ya miaka ishirini amepata wapi nafasi hiyo. Nakaribia hamsini, nina wajukuu wawili, na bado mwanamke yule akipewa nafasi nzuri naona nimenyang'anywa mimi.

Wivu huo ninaujua ulikozaliwa. Ulizaliwa kwenye meza moja ya mbao, juu ya kitambaa cha kijani, katika mwaka wangu wa kwanza kazini. Mambo ya ukoo wangu nayaacha, hayana uzito hapa. Inatosha kujua kwamba nilirudi kutoka uhamishoni nikiwa na cheti cha shule ya Kenya, Kiswahili cha darasani, na hasira za mtu anayeamini kwamba kila kitu kizuri kiligawiwa kabla hajafika. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nikapata kazi katika kampuni ndogo ya ulinzi iliyokuwa na ofisi nyuma ya maduka ya Nyakuron. Kazini tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa wengi wa wakubwa wetu walijifunzia kazi Uganda, na huko Kiswahili ni lugha ya watu wa bunduki. Wanawake tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa Akello, Mganda wa Gulu, aliyekuja Juba kuuza vitunguu na shangazi yake, akachoka na jua la sokoni.

Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Lemon Gaba. Kilikuwa na kitanda kimoja tulicholalia sote wawili, jiko la mkaa, sufuria mbili, na ukuta wa mabati uliotutenganisha na familia ya jirani, ukuta mwembamba kiasi kwamba tulijua mume wa jirani anapenda chai yenye tangawizi. Jioni tulipika asida, yaani ugali wetu, na kombo, ile mboga ya majani iliyokolezwa siagi ya karanga, tukala kwenye sinia moja. Akello alikuwa na tabia ya kunisogezea upande wenye mboga nyingi bila kusema neno. Ningependa kuandika kwamba jambo hilo lilinigusa. Ukweli ni kwamba liliniudhi, kwa sababu hata wema alinizidi. Jirani alimpa kuni bure, mimi akaniuzia. Watoto wa uani walimwita kwa jina, mimi waliniita "yule mwingine". Hata hivyo hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni bastola.

Afande Loro alikuwa mtunza silaha na mwalimu wetu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti isipokuwa uwanjani. Asubuhi moja alituita sote kwenye stoo, akatandika kile kitambaa cha kijani mezani, akaweka bastola mbili. Moja ilikuwa rivolva ya zamani yenye silinda, imechubuka hadi chuma kimekuwa cheupe, mpini wa mbao umelainishwa na mikono ya watu tusiowajua. Nyingine ilikuwa ya magazini, nyeusi, bapa, mpya. Sote tulitazama ile nyeusi. Afande akatuona.

"Nyinyi wote nafikiri hii ni kubwa na hii ni ndogo," alisema. "Hapana. Hii ni kazi mbili. Mutu asiulize bunduki gani ni nzuri. Aulize, mimi nafanya kazi gani?"

Akachukua rivolva, akaisukuma silinda pembeni, akatuonyesha vitako sita vya risasi. "Ona tumbo yake. Sita iko, unaona sita. Hakuna, unaona mashimo. Hii ni ya mutu ya mlango. Mutu ya mlango nakaa miezi nane, hapigi hata moja. Vumbi nakuja, jasho nakuja, yeye nasahau. Siku ile moja nakuja, yeye navuta tu. Risasi ikikataa, vuta tena, ingine nakuja. Na triga yake iko nzito, haiwezi kulia kwa bahati mbaya. Lakini sita ikiisha, kujaza ni polepole, na wewe uko na shida."

Kisha akashika ile nyeusi, na mimi sikusikia tena vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshajiona nimeivaa. Nakumbuka vipande tu. Kwamba ni ya mtu wa gari, anayesindikiza mizigo barabarani pamoja na wenzake, ambaye huenda akakutana na watu wengi. Kwamba inabeba kumi na tano, na magazini hubadilishwa mara moja. Kwamba inalala vizuri chini ya shati. Kwamba inadai kazi kila siku, kusafishwa, kufanyiwa mazoezi, kukaguliwa. Sentensi ya mwisho aliisema taratibu na niliiacha ipite kama kelele za barabarani: "Hii inaficha. Ukitoa magazini, moja inaweza kubaki kwa chemba, ndani ya chuma, na wewe huoni."

Wiki ile tulipelekwa kwenye mazoezi ya shabaha, kwenye korongo kavu nje ya mji. Nilipiga nane kati ya kumi. Akello alipiga tano, na kila mlio ulimfanya afumbe macho kabla, jambo ambalo mwanafunzi wa siku ya kwanza anakatazwa. Nilimwonea huruma ya juu juu, ile ya mtu anayejua ameshinda. Afande alipopaza sauti, "Simama!" wote waliacha. Mimi nilikuwa nimeshalenga, nikamalizia moja zaidi, nikaipata katikati. Nilidhani atanisifu. Aliniangalia tu, akafuta miwani yake.

Jumatatu iliyofuata tulikuta majina ubaoni. Hapa lazima nieleze utaratibu wa stoo yetu, maana bila huo hadithi haina miguu. Kila mmoja wetu alikuwa na kibati, kipande cha bati kilichochongwa jina lake. Ukichukua silaha asubuhi, unatundika kibati chako kwenye msumari wa silaha hiyo. Ukirudisha jioni, unakitoa. Tangu silaha inapotoka hadi inaporudi, lolote litakaloipata anaulizwa mwenye kibati, hata kama ameibiwa, hata kama amesukumwa. Mkanda wa bastola hauvuliwi popote isipokuwa mbele ya meza ya Afande. Ukivua, umefukuzwa, na hakuna rufaa.

Akello alipewa ile nyeusi na kiti kwenye gari la kusindikiza. Mimi nilipewa rivolva na meza ya ghala pale bandari ya mtoni.

"Afande," nilisema, "mimi nilipiga nane."

"Nimeona."

"Yeye tano."

"Nimeona," alisema tena, akaniwekea rivolva mkononi kwa upole kana kwamba ananikabidhi kitoto. "Nenda kazini, Keji."

Wenzangu walicheka kwa wiki nzima. Rivolva wakaibatiza haboba, yaani bibi kizee. Lado, dereva wetu mcheshi, hakuniacha nipite getini bila kuniuliza, "Keji, haboba ameamkaje? Amekunywa chai? Mshike mkono asianguke." Nilicheka nao kwa sababu ukikasirika unataniwa mara mbili. Moyoni nilikuwa nawaka. Nilijiambia hii ni nchi yetu, tumeirudia kwa taabu, na chuma kizuri amepewa mgeni anayefumba macho. Naandika maneno hayo jinsi yalivyokuwa. Sikuwahi kumwita mgeni mbele yake. Nilimwita hivyo kichwani kila asubuhi alipokuwa akitundika kibati chake kwenye msumari ambao ulipaswa kuwa wangu.

Bandarini kazi ilikuwa kukaa. Kibanda cha mabati, meza, kalenda ya mwaka uliopita, pipa la maji, na mbele yangu mto na matishali yanayopakia kwenda kaskazini. Wanawake walipanda na magodoro vichwani, vibarua walishusha magunia ya mtama wakiimba, harufu ya samaki wakavu ilikaa kwenye nywele zangu hadi Jumapili. Saa sita mchana nilikuwa kivulini nikila fasulia, maharage ya kwetu, kwa mkate. Saa kumi na moja nilikuwa nyumbani. Kila siku niliisukuma silinda ya haboba, nikahesabu vitako sita, nikaifunga. Kazi yote ya silaha ilikuwa hiyo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema nimebahatika. Mimi niliketi pale nikimhesabia Akello kilomita zake za barabara ya Nimule, nikimwona amesimama kando ya gari, madereva wa malori wakimwita madam.

Alikuwa akirudi na vumbi hadi kwenye kope, na mananasi mawili kwenye mfuko, moja langu. Hakuwa akila vizuri. Anachota tonge, analirudisha. Nikimuuliza safari ilikuwaje anasema, "Ilikuwa tu." Nikaona ananificha mambo matamu ili nisiumie, na hilo lilinikera kuliko kama angejigamba. Nilianza kumchukia kwa vitu vidogo: namna anavyovua viatu, namna anavyosali kwa muda mrefu asubuhi kabla ya kutoka. Sikujiuliza anasalia nini.

Kisha nikaanza kumwona na Afande. Mara tatu katika miezi michache nilifika stoo nikawakuta wanazungumza chini chini, Akello akiwa ameinamisha kichwa, Afande akitikisa chake. Walinyamaza waliponiona. Mara ya tatu nilisikia Afande akisema, "Nimekwambia hapana, na sababu unajua." Nikatafsiri nilivyotaka. Nikaamua anaomba kupandishwa, awe kiongozi wa gari, na baada ya hapo atakuwa akinipa amri. Siku ile nilipika kombo, nikala nusu yangu kabla hajafika, na yake nikaiacha ipoe makusudi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mchana. Gari la Akello lilikuja bandarini kusubiri tishali lililochelewa, na yeye akaja kibandani kwangu kula. Nilikuwa nimeleta asida kwenye bakuli lenye kifuniko. Joto lilikuwa kali, mabati yanalia tiki tiki juu yetu. Shati lake lilikuwa limegandana na mgongo. Akaenda kwenye pipa kunawa uso, na kwa kuwa mkanda ulikuwa unambana alipokuwa akiinama, akaufungua, akautundika kwenye kiti changu. "Dakika moja tu, dada," alisema. "Afande asinione." Aliniamini. Kama angekuwa na mtu mwingine kibandani asingeuvua.

Nilichomoa bastola ile kabla hajachota maji. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na mpini wake uliingia kiganjani kana kwamba ulikuwa umenisubiri. Nilijua silaha yenye risasi haichezewi, hilo nilifundishwa. Kwa hiyo nikafanya nilichoamini ni busara. Nikabonyeza, nikatoa magazini, nikaiweka mezani karibu na bakuli la asida. Nikaitazama: risasi zimepangana, zimejaa. Kwa mtu wa haboba, hesabu ilikuwa imekwisha. Tumbo lilikuwa mezani. Miezi yote ile kazi yangu ilikuwa kuona risasi zote kwa mkupuo mmoja, na nilipoziona nikaridhika. Sikukumbuka kwamba watu wa gari huikoki getini, na moja huwa imeshaingia chemba. Nikaielekeza kwenye kalenda, nikajiona barabarani, nikavuta triga, ambayo ilikuwa laini, laini kabisa, haikunipa hata nafasi ya kujuta. Wakati huohuo Akello aliinua uso wake kutoka kwenye pipa, sikio lake la kushoto likiwa shibiri chache tu kutoka mtutuni.

Kwa muda sikusikia chochote ila mluzi. Tundu dogo lilikuwa kwenye kalenda, na nyuma yake, ng'ambo ya bati, mtama ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye gunia. Hakuna aliyepigwa. Akello alikuwa amekaa chini, mkono sikioni, maji yanamtiririka shingoni, mdomo wake ukiniuliza kitu nisichokisikia. Kisha akafanya jambo ambalo nimeliona tena kila siku ya maisha yangu. Aliinuka, akanichukulia bastola mkononi, akajifunga mkanda wake. Watu walipoingia mbio, yeye ndiye aliyekuwa ameishika.

Afande alifika ndani ya nusu saa. Aliangalia tundu, akaangalia bakuli la asida, akaangalia magazini pale mezani.

"Nani?"

"Mimi, Afande," alisema Akello kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyeweza kusikia sauti yake mwenyewe. "Bunduki iko kwa kibati yangu. Ni mkono yangu."

Afande akainyanyua magazini. Nadhani alijua saa ileile. Mtu wa gari hawezi kutoa magazini, kuiweka mezani, na kusahau chemba. Mikono yake imezoea kuvuta na kutazama. Kosa lile lilikuwa la mtu wa silinda, na mtu wa silinda chumbani alikuwa mmoja. Akanigeukia. Nilitazama mtama unavyomwagika. Mkanda ulivuliwa, kwa hiyo Akello alikuwa amepoteza kazi hata kama ningesema. Hivyo ndivyo nilivyojipigia hesabu, na hesabu hiyo ilinifaa sana. Asubuhi tatu mfululizo, Afande alitupanga mstari akauliza, "Kuna mutu iko na neno ya kuongeza?" Asubuhi tatu nilisimama wima na haboba kiunoni, sikuongeza neno.

Jumamosi nilimsindikiza Akello kwenye mabasi ya Gulu. Alikuwa na pamba sikioni. Alisema ndani kuna birika linalochemka na haliishi. Sufuria aliniachia zote mbili. Nilimngoja anilaumu, nikawa nimeandaa hata jibu, lakini alisema tu, "Kula vizuri, dada," akapanda. Nilipokuwa narudi Lemon Gaba kwa miguu nililia kidogo, halafu nikagundua kwamba naifikiria Jumatatu, siku bastola nyeusi itakapohitaji mtu, na kwamba nafurahi. Furaha ile ndiyo aibu yangu kubwa kuliko risasi. Risasi ilikuwa ujinga wa sekunde moja, furaha niliibeba njia nzima.

Na kweli Jumatatu Afande alinipa ile nyeusi. Aliiweka kwenye kitambaa cha kijani, akaisogeza kwangu kwa kidole kimoja. "Chukua," alisema. "Sasa najua wewe utatazama." Hilo lilikuwa lango, lilikuwa wazi, ningeweza kupita na kusema. Nikatundika kibati changu kwenye msumari. Tangu siku hiyo, mbele ya wenzangu wote, mimi peke yangu alinitaka niikague silaha kwa sauti: toa magazini, vuta, tazama chemba, gusa kwa kidole, sema "tupu". Wengine waliikagua kimya. Kwa miaka nilijidai sijui kwa nini ni mimi tu.

Barabara ya Nimule haikuwa kama nilivyoiota. Nilikaa kwenye gari nikiwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nikitazama kila kichaka, na jioni nilichota tonge nikalirudisha. Ndipo nikaelewa maana ya "Ilikuwa tu." Nilizoea, mtu huzoea. Macho yakazidi kumchosha Afande, nikawa mwalimu mahali pake, na hapo nikafanya baya zaidi. Kila kundi jipya la walinzi nililifundisha kwa meza ileile na aina zilezile mbili. Nilipofika kwenye chemba nilihitaji mfano, nikasema, "Hapo zamani tulikuwa na mwanamke mmoja Mganda, alitoa magazini akadhani amemaliza." Wanafunzi walicheka. Walikumbuka. Ulikuwa mfano mzuri, niliutumia kwa miaka yote.

Sasa mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa chini ya hema, na Mama Tabu alikuwa akiniita kwa mkono. "Keji, leta chai kwa mgeni wangu." Nikaenda. Akello alikuwa amenenepa, nywele zimeingia mvi mbele, kicheko ni kilekile. Akanishika mkono asiuachie.

"Mama Tabu nanipigia simu kila Krismasi," alisema. "Na mzee pia, kabla ya kufa. Yeye ndiye alinitafutia kazi Gulu, kazi ya geti ya shule. Miaka kumi na nane nimekaa kwa kiti. Wewe hukujua?"

Sikujua. Alimtafutia kazi, alimpigia simu, na mimi niliyekuwa naye kila asubuhi hakunitajia hata mara moja. Wivu ukanipanda tena, palepale msibani.

"Ulikuwa unaomba nini kwake?" niliuliza. "Zile siku za stoo. Mara tatu niliwakuta."

Akello alicheka hadi akajifuta macho. "Haboba! Mimi nalikuwa naomba haboba. Kukaa kwa meza, kula kwa kivuli, saa kumi na moja nyumbani. Barabara ile nalikuwa naogopa mpaka natapika. Nalikuonea wivu, dada, wewe hujui. Nakuangalia ukilala, najiuliza Mungu alimpa huyu nini." Kisha akauachia mkono wangu, akaninyooshea kikombe nimmiminie. "Mzee alikataa. Alisema, Keji akisikia simama, napiga moja zaidi. Ile ya magazini kwa mkono yake, mutu atakufa. Wewe Akello naogopa, na mutu mwenye kuogopa natazama. Vumilia."

Birika lilikuwa limenichoma kidole na sikuwa nimehisi. Mama Tabu alikuwa akinitazama usoni kwa mara ya kwanza katika siku tatu, na nikaona kwamba yeye pia alijua ni nani aliyefyatua siku ile, na kwamba alikuwa amejua kwa miaka yote niliyokunywa chai yake.

"Na nasikia mimi ni somo huko kwenu," Akello aliongeza, bila ukali. "Mtoto ya jirani yangu alikuja kufanya kazi kwa kampuni yenu. Akarudi, akaniambia, mama, kulikuwa na Mganda mmoja mjinga. Mimi nikasema, ee, nalisikia habari yake."

Niliinama karibu yake. Nilikuwa nimeyaandaa maneno hayo kwa miaka mingi, nikiwa jikoni, nikiwa kanisani. Nikayanong'ona yote kwa pumzi moja, kwamba nisamehe, kwamba ni mimi, kwamba nilinyamaza. Akello alikuwa akitazama mbele, anakunywa chai yake. Nikangoja. Ndipo nikaona nimeinamia upande wa kushoto.

"Ulisema kitu?" aliuliza, akinigeukia. "Zunguka, dada. Hilo sikio lilikufa siku ile."

Nikazunguka. Nikapiga goti upande wa kulia, nikaanza upya kwa sauti ya chini. Jenereta lilikuwa linanguruma, akina mama wa kanisa walikuwa wameanza wimbo, na Akello alikunja uso akitikisa kichwa. "Hili pia limezeeka. Malesh, samahani. Sema na nguvu."

Nyuma yetu, safu tatu nzima za viti vya plastiki, walikuwa wameketi walinzi wa kampuni wenye sare zao, wengi wao niliowafundisha kwa mkono wangu. Nikawatazama. Nikamtazama Mama Tabu, ambaye aliinua kiganja chake, na akina mama wakaacha kuimba. Nikasimama. Nilitumia sauti ileile ambayo Afande alinitaka niitumie kila asubuhi mbele ya watu.

"Ile risasi ya bandarini," nilisema, "niliifyatua mimi, Keji. Huyu ndiye Akello. Hakufyatua kitu."

Akello alikuwa ameuangalia mdomo wangu, kikombe kimesimama hewani, na alipohakikisha amesikia, alikishusha gotini.

"Endelea," alisema. "Hawa wote naenda kazini kesho. Waambie na ile ya magazini."

Nikawaambia na ile ya magazini, tangu bakuli la asida hadi mtama, na kila nilipofika mahali ambapo kwa miaka yote nilisema "yule Mganda", nilisema mimi.